Bidon Moja, Beti Tisa

Maître Phinées aliandika neno moja ubaoni, PORI, akawaambia watoto wa darasa la tano washike kalamu wachore. Alitaka kupumzika kidogo. Pua yake ilikuwa imeziba kwa ile baridi ya asubuhi inayowafanya watu wa Beni waseme kwamba watu wa Butembo wanaishi ndani ya frigo.

Baada ya nusu saa akaanza kupita kati ya madawati. Zorobabel, mtoto wa fundi cherehani, alikuwa amechora mistari kumi iliyonyooka kama askari siku ya defile, kila mmoja na kikofia cha kijani kichwani. Jirani yake alichora kumi na miwili. Nyuma yao kulikuwa na mistari ishirini, na jamaa mmoja anaikata kwa mashine. Daftari arobaini na mbili, na zote ni mikaratusi. Mikaratusi kwa safu, nafasi sawasawa, kama ile ya kila kilima kinachozunguka mji.

"Maître, hii iko pori kamili," Zorobabel akajisifu. "Ata mulinzi nimemutia."

Daftari la arobaini na tatu ndilo lililokuwa na kitu kingine. Lilikuwa la Bénite, msichana aliyefika na mama yake mwaka jana kutoka Bungulu, kule Beni, na ambaye ulimi wake ulifika siku mbili kabla ya mizigo. Alichora mti mmoja tu, mnene, wenye mizizi iliyokumbatia jiwe, matawi yameenda kila upande bila ruhusa ya mtu, na ndege mwenye mkia mrefu kuliko yeye mwenyewe.

Wenzake wakainama kuangalia.

"Ile ni kabichi!"

"Kabichi yenye kuota mapembe!"

"Ni muti," Bénite akajibu bila kuinua kichwa. "Ninyi munachora nguzo ya courant, munasema ni pori. Muende basi mukachaji telefone ku pori yenu."

Darasa likapasuka kwa kicheko. Phinées alipaswa kugonga meza, lakini yeye ndiye aliyecheka kupita wote, mpaka pua ikazibuka.

Kisha kicheko kikamwishia tumboni. Akasogea dirishani. Alipokuwa na umri wao, kila likizo kubwa alipakiwa juu ya magunia ndani ya lori na kupelekwa Mabalako, kwa mukaka wake, nyanya yake mzaa mama. Kule pori lilianza nyuma ya jikoni. Alijifunza kugeuza jiwe mtoni na kumshika kaa kwa nyuma, maana kwa mbele ni kilio. Alijifunza kusikia mvua ikitembea juu ya majani kwa muda mrefu kabla tone moja halijamwangukia kichwani. Siku moja alikojoa karibu na kijito, mukaka akamfukuza na ufagio mpaka kwenye migomba: "Utakunywa mkojo yako kesho, mupumbavu!" Hakuna kitabu cha mazingira kilichowahi kumfundisha vizuri kama ule ufagio.

Sasa, kwa hofu ya watu wenye silaha, hakuna mzazi anayempakiza mtoto wake lori la Mabalako. Hawakufanya mkutano kuamua. Waliacha tu, mmoja baada ya mwingine, mwaka baada ya mwaka. Likizo za watoto hawa zinaishia kati ya duka na paa la jirani. Ukimwomba mtoto wa namna hiyo pori, atakupa alichonacho.

"Kesho hakuna kitabu," Phinées akasema. "Tunashuka ku source. Kila mutu alete macho yake. Bénite, wewe ulete na bidon ya maji."

"Juu ya nini mi?"

"Juu mudomo yako inakusaidia kubeba."

*

Chemchemi ilikuwa bondeni, chini ya shule: ukuta mdogo wa saruji, bomba moja la chuma, na kuzunguka pale, mikaratusi ishirini na mmoja. Watoto walikuwa wanateka maji pale kila siku ya Mungu, lakini hawakuwahi kuinua shingo. Siku hiyo waliinua. Kwenye kila shina kulikuwa na kifuniko cha kopo la sardini kilichopigiliwa msumari, kimetobolewa herufi.

"AUDREY," Zorobabel akasoma. "JORDY. ÉLISE. Maître! Maître, uko hapa! PHINÉES!"

Wakakimbia wote kuangalia. Shina lilikuwa pana, watoto wawili hawakuweza kulizunguka kwa mikono. Wakaliangalia, kisha wakamwangalia mwalimu wao, mwembamba kama kijiti cha kiberiti.

"Muti yako ilikula," Bénite akasema kwa huruma. "Wewe walikusahau."

Basi Phinées akawasimulia. Mwaka wa elfu mbili na nane, wakiwa darasa la tano hili hili, Mwalimu Hulda aliwashusha hapa kwa mstari, yeye mbele na buti zake za mpira, kila mtoto na mche wake ndani ya kopo la maziwa. Ubaoni alikuwa ameandika: MITI NI MAJI. Alikwenda kwenye shamba la miche akaomba miti, akapewa mikaratusi, na hakuna aliyeuliza mti gani, kama vile hakuna anayeuliza bugali wa nini. Butembo, ukisema mti, umekwisha kusema mkaratusi. Ni nguzo za nyumba, ni kuni za maharagwe, ni majani ya kuchemsha ukikohoa. Walipanda wakiimba. Mwalimu Hulda alimwaga maji kwa kila mche kwa mkono wake, na akawaambia kwamba siku moja watoto wao watakunywa hapa na kusema asante.

"Na muliimba nini?" Zorobabel akauliza.

"Wimbo ya mavuno. Hakukuwa na saa. Mwalimu alitufunza kupima bidon na beti. Unatia bidon chini ya bomba, unaanza kuimba. Mbele ya beti ya pili kuisha, bidon imejaa, Mwalimu analalamika: Songa! Wengine wanangojea!"

Bénite alikuwa ameshaweka bidon yake, dumu la plastiki la manjano, chini ya bomba. Maji yalitoka membamba, yamejisokota kama uzi wa cherehani. "Tuimbe basi," akasema. "Tuone."

Wakaimba. Wimbo ule una beti nne, na kila mtoto wa kanisa anazijua. Wakamaliza beti ya pili, bidon ikawa bado inalia tupu. Wakamaliza ya nne. Wakarudia kutoka mwanzo, wanacheka, wengine wanapiga makofi. Walipofika mwisho wa wimbo mara ya pili, hakuna aliyecheka tena. Zorobabel alikuwa amebaki kufungua mdomo tu. Wakaanza beti ya kwanza kwa mara ya tatu, na ilipokwisha, maji yakafika shingoni mwa bidon.

"Tisa," akasema Bénite, vidole vikiwa juu. "Zamani ilikuwa mbili?"

"Mbili."

"Nani amekunywa ile saba?"

Hakungoja jibu. Akainua kichwa juu, na vichwa vingine arobaini na viwili vikamfuata: ishirini na mmoja wenye afya, wanene, majani yanapepea huko mbinguni bila wasiwasi wowote.

"Ah, Maître," akasema polepole. "Ni classe yenu njo inakunywa."

*

Phinées hakuwa mtu wa kwanza kulijua jambo hilo. Alikuwa mtu wa kwanza kulisikia likisemwa na mtoto wa miaka kumi na moja kwa sauti inayofika mpaka barabarani. Akaenda kwa mkubwa wa avenue, kiongozi wa mtaa. Yule mzee akakuna kidevu.

"Udongo ni ya avenue. Lakini miti ni ya mwenye kupanda. Ata ningeshika panga, mukono ingekatala. Hulda aseme yeye mwenyewe. Uende wewe, si ulikuwa wa kwanza mu classe yake?"

"Nilikuwa wa tatu."

"Basi ungojee wa kwanza arudi kutoka Kampala. Na jua ya mwezi wa sita iko inakuja."

Tatizo halikuwa miti. Kila asubuhi, watoto wakiwa darasani, Mwalimu Hulda, aliyestaafu zamani na magoti yake yanajua, alishuka bondeni na fimbo, akasimama kati ya mikaratusi na kuita majina kama zamani. "Audrey!" Akajijibu: "Yuko Kanyabayonga, anauza vitenge." "Jordy!" "Kampala, hata hapigi simu." Akaendelea hivyo mpaka mwisho. Na kila asubuhi kulikuwa na jina moja aliloliita bila kujijibu. Grady alikaa dawati moja na Phinées miaka mitano. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu alipokwenda kuvuna kakao kwenye shamba la mjomba wake upande wa Mabalako, na hakurudi. Hakikurudi hata kitu cha kuzika. Mama yake, siku za sikukuu, huja kukaa chini ya mti wake, na mti wake ndio mkubwa kupita yote.

Kumwomba Mwalimu Hulda aikate ile miti kulikuwa kumwomba afunge darasa. Kutomwomba kulikuwa kuwaacha watoto wa bonde lote wakae na bidon zao mpaka wimbo uwachoshe, na mwaka ujao labda hakuna wimbo wa kutosha.

Siku ya Jumatano, baada ya masomo, akapiga hodi.

"Ni nani?"

"Ni Phinées, Mwalimu."

"Phinées gani? Ule wa kuandika S kinyume, ao ule wa kuiba chaki?"

"Ni mumoja, Mwalimu."

"Ingia basi, mwivi. Futa viatu."

Nyumba ilinuka sabuni na viazi vitamu vya kuchoma, vile vile kama zamani, walipokuwa wanatumwa kumletea daftari. Akampa chai. Phinées akasifu chai. Akampa nyingine. Akasifu mvua, akasifu paa, akasifu paka, na paka huyo alikuwa na jicho moja na tabia mbaya. Kwenye kikombe cha tatu, Mwalimu Hulda akaweka mikono juu ya meza.

"Phinées. Mutu ya kukunywa chai tatu bila kusema neno, ao iko anatafuta bibi ao iko analeta kilio. Bibi, mi sina binti. Sema."

Akasema. Alisema vibaya, kwa kurudia-rudia, lakini alisema yote: bomba, uzi, beti tisa, mizizi ya mkaratusi inavyokwenda chini kutafuta maji bila kuchoka. Alipomaliza, Mwalimu Hulda akamsogeza paka kwa fimbo.

"Nani alikufunza kusoma?"

"Wewe, Mwalimu."

"Na kuhesabu?"

"Wewe."

"Na leo umekuja kunihesabia maji." Akakusanya vikombe kabla havijakwisha. "Miti ni maji. Niliandika ku tableau na mukono yangu hii."

"Ndiyo, Mwalimu. Na mi nilikopi. Bado niko nayo mu daftari. Lakini hazikuwa miti ya kukaa pale. Hatukujua."

"Hatukujua," akarudia. "Niliwashusha pale batoto makumi mbili na mumoja. Nilimumwangia maji kila mumoja. Mumoja kati yao hana kaburi ingine, unasikia? Hana ingine." Akafungua mlango. "Enda. Uwasalimie."

Phinées alikuwa ameshafika kwenye uzio aliposikia sauti nyuma yake: "Na ufunge vizuri hiyo mulango ya uzio! Sikukufunza kuacha vitu nusu!"

*

Siku mbili Phinées alifundisha kugawanya sehemu kwa sehemu, na mwenyewe akakosea mara tatu. Bénite alizihesabu kwa furaha. Ijumaa, saa nne, mlango wa darasa ukafunguka bila hodi. Mwalimu Hulda alisimama pale na buti za mpira, fimbo mkono mmoja, bidon mkono mwingine. Phinées akajikuta amesimama wima, mikono nyuma.

"Nataka kuona hiyo beti tisa," akasema. "Batoto ya leo wanakimbizaka wimbo. Wanaimba kama wanafukuzwa na imbwa, njo maana beti zinakuwa mingi. Wimbo ya mavuno haiimbwe vile. Nitaimba mi mwenyewe."

Wakashuka wote. Aliweka bidon, akaisogeza kidogo, akaisogeza tena, kama mtu anayempa bomba nafasi ya mwisho ya kuwa na adabu. Kisha akaanza.

Aliimba polepole, kila neno akalivuta mpaka likaisha pumzi. Phinées aliisikia ile sauti na akawa mfupi tena, na makopo ya maziwa yakawa mikononi, na Grady pembeni yake anamkanyaga mguu kwa makusudi ili akosee wimbo. Beti ya kwanza, ya pili. Mwalimu Hulda hakuangalia bidon. Ya tatu, ya nne. Watoto walitaka kumsaidia, akawanyamazisha kwa fimbo. Beti ya tano akakohoa. Ya sita sauti ikawa nyembamba, inakwenda inasimama. Katikati ya ya saba ikakatika kabisa, na yeye akabaki anapumua, mkono juu ya ukuta.

Bidon ilikuwa bado. Maji yakaendelea peke yake, ti, ti, ti, bila mtu wa kuyaimbia.

 Kisha Bénite, bila ruhusa kama kawaida yake, akaokota ile beti pale pale ilipoanguka, na akaimba polepole vile vile, kwa mvuto ule ule wa bibi. Wengine wakaingia. Mwalimu Hulda akawasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Walipofika mwisho wa beti ya nane, bidon ikajaa.

"Nane," akasema Zorobabel kwa heshima. "Mwalimu amepunguza moja."

Mwalimu Hulda akacheka kidogo, kisha uso wake ukabadilika. Akainama kuangalia bomba.

"Mbele ya beti ya pili kuisha nilikuwa nasema: songa."

"Nakumbuka, Mwalimu."

"Kila asubuhi napita hapa na fimbo. Naita majina yenu, naangalia juu. Miaka hii yote sikuangalia ata siku moja ku bomba." Akafuta uso kwa kona ya kitenge. "Uite mutu ya mashine. Na kesho, Phinées, wewe njo wa kwanza."

*

Kesho yake ilikuwa Jumamosi na bonde zima lilikuja, maana Butembo mashine ya kukata miti ina watazamaji kuliko mpira. Mwalimu Hulda alisimama na kikapu. Aliita jina, akang'oa kifuniko kwa koleo, akakitia kikapuni, kisha akampa mwenye mashine ishara ya kichwa. Phinées alianguka wa kwanza, na watoto wake wa darasa wakampigia makofi.

"Maître ameanguka vizuri!"

"Ata hakulia!"

Audrey akaanguka, Jordy, Élise, mpaka wakafika ishirini. Watoto waliambiwa kazi yao: kumenya maganda ya visiki na kukata kila chipukizi, maana mkaratusi ukiukata hauelewi kwamba umekufa. Mama yake Bénite alikuwa ameleta miche ya musavu, mti wa asili unaotunza maji, na mashina ya matete ndani ya beseni, na alikuwa akibishana na kila mtu juu ya mahali pa kuvipanda.

Ukabaki mti wa Grady.

Mwenye mashine alisimama mbele yake, mashine inanguruma chinichini, akingoja jina. Mwalimu Hulda aliweka kikapu chini. Aliweka mkono juu ya shina.

"Mwalimu," Bénite akasema, "ile njo inakunywa mingi kupita zote. Ni kubwa."

Phinées alimkanyaga mguu, lakini kwa kuchelewa.

"Najua, mutoto yangu," akajibu Mwalimu Hulda. "Hawa wengine walishiba. Audrey ameshiba, iko na batoto tatu. Phinées naye iko anakula mushahara ya serikali, ata kama haionekane ku mashavu. Huyu hapana." Mkono wake haukuondoka pale. "Huyu hakufika kukunywa. Mumuache akunywe kidogo."

Mwenye mashine akamgeukia Phinées, na watoto arobaini na watatu wakamgeukia pia. Ni yeye aliyewachorea ubaoni, kwa chaki ya rangi, mizizi ya mti mmoja tu inavyofika mbali. Alikuwa na jibu zuri la darasani, limenyooka, lina mishale. Alimwangalia bibi yule na buti zake.

"Zima mashine," akasema.

Maji yakasikika tena. Bénite alikunja uso, akafikiri, na kwa mara ya kwanza tangu afike Butembo hakusema kitu. Akaenda tu kuchukua kisu cha kumenyea visiki.

Mwalimu Hulda akakaa juu ya shina lililolala, la Jordy au la Élise, hakukuwa tena na njia ya kujua. Jua lilikuwa limeingia bondeni, likapiga ukuta wa saruji ambao miaka kumi na sita haukuliona. Phinées alichukua jembe, akaanza shimo la musavu wa kwanza hatua chache kutoka bombani. Alipolimaliza akauinua mche.

"Phinées."

"Mwalimu?"

"Hiyo ni shimo ya nini? Ya kuzika panya?"

"Mwalimu, batoto wanasikia."

"Wasikie. Chimba tena."

Akaweka mche chini, akatemea viganja, akachimba tena.